Gari la familia lina kikomo cha kilo, na mpimaji wake ni mwenye gari

Lori linalotoka Dar es Salaam kwenda mikoani kwa barabara ya Morogoro hupimwa uzito Vigwaza, mkoani Pwani, na mbele ya safari hupimwa tena kwenye mizani nyingine. Mabasi ya abiria nayo huingia kwenye mizani hiyohiyo. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika Tanzania mwaka 2019, imeweka ukomo wa tani 56 kwa gari zima pamoja na mzigo wake, na imeweka ukomo wa kila ekseli. Anayezidisha hutozwa. Magari ambayo hayafiki kilo 3,500 hayamo katika utaratibu huo. Kwa hiyo Noah, Wish, Spacio, IST na Probox zinazopeleka familia nyumbani kila Desemba hupita kando ya mizani bila kusimama, hata kama buti halifungi vizuri na gari limelala nyuma. Askari wa usalama barabarani atahesabu abiria, atakagua leseni, bima na mikanda. Uzito wa gari hilo hana cha kuupimia.

Utaratibu huu una sababu yake. Mizani za barabarani zimewekwa kulinda lami na madaraja, ambavyo huumizwa na magari makubwa, na gari dogo hata likizidisha kilo 300 haliachi alama kwenye lami. Linaloumia ni gari lenyewe, na walio hatarini ni waliomo ndani na wanaopishana nalo. Hao hawajawekewa mtu wa kuwapimia. Kazi imebaki kwa mwenye gari, na wengi hawaifanyi kwa kuwa wamezoea kupima uwezo wa gari kwa vitu viwili vinavyoonekana kwa macho: idadi ya siti na nafasi ya buti. Vyote viwili vinadanganya. Gari la siti nane huenda halina uwezo wa kubeba watu wazima wanane na mabegi yao, na buti ambalo bado lina nafasi linaweza kuwa limeshapita kiwango. Kipimo cha kweli ni kilo. Hesabu yake haihitaji fundi wala mashine. Inahitaji karatasi, mizani ndogo ya nyumbani na muda mfupi jioni ya kuamkia safari. Asiyeifanya anaingia barabarani na breki na matairi yaliyotengenezwa kwa ajili ya gari jepesi kuliko lile analoendesha.

Kila gari lina namba mbili za kuanzia. Ya kwanza ni uzito wake likiwa tupu. Ya pili ni uzito wa juu kabisa linaoruhusiwa kufikia likiwa na watu, mizigo na vitu vyote. Ukitoa ya kwanza katika ya pili, unapata kilo ambazo gari linaweza kupakiwa. Hizo ndizo kilo zote: za dereva, za mtoto aliyesinzia, za keria iliyofungwa juu, za maji ya kunywa njiani. Kwenye magari mengi namba ya pili imeandikwa kwenye kibati cha mtengenezaji, ama kwenye nguzo ya mlango wa dereva ama chini ya boneti. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, ambayo ndiyo yaliyojaa kwenye barabara zetu, mara nyingi kibati chake hakina namba hiyo. Hata hivyo magari hayo huja na cheti cha Japani cha kusafirishwa nje, na ndani yake uzito wa gari tupu na uzito wa jumla vimeandikwa vyote viwili kwa kilo. Wengi hukitumia cheti hicho siku ya kusajili gari, kisha hakitazamwi tena. Ni karatasi ya kutunzwa, na aliyeipoteza anaweza kutafuta namba hizo kwenye kitabu cha gari au kwa jina la modeli na namba ya chesisi.

Ukikisoma cheti hicho kwa makini utakuta jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Kwa gari la abiria, Japani hupata uzito wa jumla kwa kuchukua uzito wa gari tupu na kujumlisha kilo 55 kwa kila siti. Hesabu inaishia hapo, mabegi hayamo. Gari la siti tano, kama IST, linabaki na kilo 275 za kupakia. La siti saba, kama Wish, lina kilo 385. Noah ya siti nane ina kilo 440. Probox iliyoandikishwa kama gari la mizigo inalionyesha jambo hili waziwazi zaidi, kwa sababu mtengenezaji ameipa vikomo viwili: ikiwa na watu wawili inabeba mzigo wa kilo 400, na ikiwa na watu watano inabeba kilo 250. Watu watatu wakikaa kiti cha nyuma, kilo 150 za mzigo zinapaswa kushuka. Mtu na mzigo wanakula sahani moja, na anayewapakia wote kana kwamba kila mmoja ana sahani yake ndiye anayevunja gari.

Tuchukue Noah za toleo lililotengenezwa kuanzia 2001 hadi 2007, ambazo bado ni nyingi mijini na mikoani. Uzito wake tupu ni takriban kilo 1,500, hutofautiana kidogo kulingana na injini na vifaa, na ukijumlisha zile 440 kikomo kinakuwa kama kilo 1,940. Sasa tuipakie familia ya kawaida inayotoka Dar es Salaam kwenda Moshi. Baba ana kilo 85, mama 75, bibi 60, shangazi 70, vijana wawili kilo 60 kila mmoja, na watoto wawili kilo 25 kila mmoja. Jumla ni kilo 460. Gari limeshazidi kilo 20, na hakuna hata begi moja lililopakiwa. Tuongeze mabegi manane ya kilo 12, yaani 96. Mfuko wa mchele wa kilo 50. Mfuko wa sukari wa kilo 25. Ndoo ya mafuta ya kupikia ya lita 20, ambayo ni kama kilo 18. Maji na chakula cha njiani, kilo 15. Keria yenyewe, kilo nyingine 15. Mzigo wote pamoja na watu unafika kilo 679, na gari linaondoka nyumbani likiwa na kilo 2,179. Limezidi kikomo kwa kilo 239, na hakuna siti iliyozidishwa, hakuna aliyepakatwa, hakuna sheria ambayo askari wa barabarani ataiona imevunjwa.

Kilo hizo 239 hudai kwanza kwenye matairi. Ubavuni mwa kila tairi pana namba ya ukubwa, na baada yake namba ya uwezo wa kubeba. Tairi la 195/65R15 lenye namba 91, ambalo ndilo la kawaida kwenye Noah hizo, hubeba kilo 615 likiwa na upepo kamili. Manne yanabeba 2,460, na kwa harakaharaka mtu ataona kwamba bado ana nafasi. Tatizo ni kuwa uzito haugawanyiki sawasawa. Gari lililojazwa nyuma likiweka asilimia 55 tu ya kilo 2,179 kwenye ekseli ya nyuma, kila tairi la nyuma linabeba karibu kilo 600. Limebakiza kilo 15, na hizo ni kwa tairi jipya, lenye upepo kamili, kwenye lami isiyo na shimo. Upepo ukipungua, uwezo unapungua nao. Aliyenunua tairi jembamba la 185/65R15 lenye namba 88 kwa kuwa bei yake ni nafuu ana tairi la kilo 560, na ameshalizidisha kabla hajatoka mtaani. Tairi lililozidiwa hujikunja kila linapozunguka, na kujikunja huko huzaa joto ndani ya mpira mahali ambapo jicho halifiki. Baada ya saa kadhaa za mwendo mkali, juu ya lami ya Desemba, nyuzi za ndani huanza kuachana na mpira, kisha tairi hupasuka. Likipasuka la nyuma kwenye gari refu lenye mzigo juu, dereva hana muda wa kurekebisha.

Breki nazo zina deni lake. Kazi ya breki ni kuugeuza mwendo wa gari kuwa joto, na joto hilo hukua sambamba na uzito. Dereva aliyezoea kuendesha Noah peke yake kwenda kazini anaendesha gari la kilo 1,585. Siku ya safari anaendesha gari la 2,179, ambalo ni zaidi kwa asilimia 37, lakini mguu wake bado una mazoea ya lile la kila siku. Anabana breki pale alipozoea kubana, na gari linasimama mbele ya pale lilipozoea kusimama. Kwenye barabara tambarare tofauti hiyo inaweza kupita bila kuonekana. Mbele ya mbuzi anayekatiza, bodaboda inayotoka njia ya vumbi au lori lililoharibika bila alama, mita hizo chache ndizo kila kitu. Kwenye mteremko mrefu hali ni mbaya zaidi, kwa sababu breki zinazoshikiliwa muda wote hupata joto lisilopata nafasi ya kutoka. Pedi hupoteza mshiko, na mafuta ya breki yaliyokaa miaka bila kubadilishwa, ambayo hunyonya unyevu wa hewa, huchemka mapema. Pedali inazama hadi chini na gari haliitiki.

Mahali mzigo unapowekwa nako kuna uzito wake. Noah ina takriban mita 2.8 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Ukiweka kilo 150 kwenye buti, sentimita 60 nyuma ya ekseli ya nyuma, ekseli hiyo haipokei kilo 150. Inapokea kama 182, kwa kuwa mzigo unakandamiza nyuma na kuinua mbele. Zile 32 za ziada zimetolewa kwenye magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yanayoongoza gari na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Ndiyo maana gari lililolala nyuma huwa na stelingi nyepesi inayoelea, na ndiyo maana taa zake usiku hupiga machoni mwa anayekuja mbele badala ya kumulika barabara. Vitu vizito vinapaswa kukaa chini na mbele iwezekanavyo, vikiegemea mgongo wa kiti cha mwisho. Vyepesi ndivyo viende nyuma na juu. Kwenye keria watengenezaji wengi wa magari madogo huruhusu kati ya kilo 50 na 100, na keria yenyewe imo katika hesabu hiyo. Familia nyingi hufanya kinyume: mchele, jiko na ndoo hufungwa juu ili ndani pabaki nafasi ya watu. Gari linakuwa zito kichwani, na dereva akikata kona ghafla kukwepa shimo, linaegemea upande mmoja na kukawia kurudi.

Ndani ya gari, kitu kisichofungwa hakina uzito wake wa kawaida siku ya ajali. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likisimama ndani ya nusu mita baada ya kugonga, kila kilichomo ndani kinasukumwa mbele kwa nguvu ya karibu mara 20 ya uzito wake. Ndoo ya kilo 18 iliyowekwa juu ya mabegi, nyuma ya vichwa vya watoto, inakuja na nguvu ya kilo 360. Mtoto wa kilo 10 aliyepakatwa anakuwa na kilo 200, na hakuna mikono ya mama inayoweza kuzishika. Kwa hiyo anayekubali kwamba gari limejaa na kuamua kwamba mtoto mmoja atapakatwa hajapunguza chochote kwenye uzito, na amemwondolea mtoto mkanda. Buti nalo lisipakiwe juu ya usawa wa migongo ya viti bila wavu au kamba ya kushikilia, na hakuna kitu kigumu kinachostahili kukaa kwenye kibao cha dirisha la nyuma.

Yapo mapingamizi yanayostahili kujibiwa kwa heshima. La kwanza ni la wanaolijua gari vizuri: kilo 55 kwa mtu ni kanuni ya hesabu ya Japani, na chuma cha gari kina uwezo zaidi ya hapo. Ni kweli. Mhandisi hatengenezi ekseli inayovunjika kwa kilo moja ya ziada. Lakini akiba hiyo imewekwa kwa kazi maalumu: shimo lililofichwa na maji, tuta lisilo na alama, kona iliyochukuliwa kwa kasi, breki ya dharura. Anayeijaza kwa mchele ameitumia kabla dharura haijafika. Isitoshe, akiba iliyopimwa kiwandani ni ya gari jipya. Gari letu lina miaka 15 au 20, bushi zimelegea, shokapu zimechoka, beringi zimebadilishwa kwa spea ambazo ubora wake haujulikani. Mwenye kibati cha mtengenezaji kinachotaja uzito mkubwa zaidi aufuate. Asiye nacho hana msingi wa kujiongezea.

La pili husikika sana gereji: gari limewekwa springi ngumu na spesa, kwa hiyo sasa linabeba. Springi ngumu huzuia gari kulala nyuma, na hapo ndipo hatari inapojificha, kwa sababu dalili pekee iliyokuwa ikionekana kwa macho imeondolewa. Breki ni zilezile. Matairi ni yaleyale. Haba na beringi hazikubadilishwa. Gari limeinuliwa, na uzito wake sasa uko juu zaidi ya ardhi kuliko mwanzo. Anayetaka kubeba zaidi anahitaji gari lililotengenezwa kubeba zaidi, na fundi mwaminifu atamwambia hivyo kabla ya kupokea hela yake.

La tatu ni la dereva muungwana: nitakwenda polepole. Hili lina ukweli mkubwa na halipaswi kubezwa. Nguvu ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo Noah ya kilo 2,179 kwenye kilomita 80 kwa saa ina nguvu pungufu ya Noah ya kilo 1,585 kwenye kilomita 100. Mwendo wa taratibu unapunguza madhara. Lakini hauondoi kilo 600 zilizo juu ya kila tairi la nyuma, haurudishi uzito kwenye magurudumu ya mbele, wala haushushi keria. Na gari zito lililo taratibu huchelewa kupita linapolazimika kulipita lori, likakaa upande usio wake kwa muda mrefu kuliko dereva alivyokadiria. Mwendo wa taratibu ni nyongeza ya kupakia vizuri. Haukuja kuchukua nafasi yake.

La nne ndilo gumu kulivunja, kwa kuwa linasimama juu ya ushahidi wa macho: watu wamebeba hivi miaka yote na wamefika. Wamefika, kwa sababu safari nyingi hazina dharura, na gari lililozidiwa halivunjiki kwa sababu tu limezidiwa. Linasubiri jambo la pili. Tairi linapata joto, lakini linapasuka siku linapokutana na shimo. Breki zimepungua uwezo, lakini zinashindwa siku lori la mbele linaposimama ghafla. Aliyefika mara nyingi ana ushahidi kwamba jambo la pili halijamtokea, na hana ushahidi wowote kwamba likitokea gari lake litamudu. Waliokutana nalo wakiwa wamezidisha hawapo kijiweni kueleza yaliyowakuta, na ripoti za ajali kwa kawaida hutaja mwendo kasi, kupasuka kwa tairi au kufeli breki. Kilo za ziada zilizolifikisha tairi hapo hakuna aliyezipima.

Pingamizi la mwisho ni la utu na mfuko. Mtu hawezi kwenda kwa wazazi baada ya mwaka mzima akiwa mikono mitupu, na nauli za basi za Desemba kwa familia ya watu wanane zinauma. Zawadi ni haki ya wazee, na hakuna anayesema zisitolewe. Swali ni kwa nini zisafirishwe kilomita mia tano na zaidi juu ya paa la gari. Mfuko wa sukari unaobebwa kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi unapelekwa kwenye mji ambao kiwanda cha sukari cha TPC kipo jirani yake, Arusha Chini. Mchele, mafuta ya kupikia, unga na sabuni vinauzwa kwenye maduka ya Moshi, Same na Himo, na fedha ya kuvinunua inafika kwa simu kabla ya familia kufika. Kilichonunuliwa mjini kwa sababu kijijini hakipo kinaweza kutumwa kwa basi kama kifurushi, kwa gharama ndogo kuliko tairi moja. Na wawili kati ya wanane wakipanda basi, hesabu inabadilika kabisa. Shangazi na kijana mmoja wakitoka, watu wanabaki na kilo 330. Mabegi sita yana kilo 72. Maji na chakula kilo 15. Jumla ni 417, keria imebaki nyumbani, na zimesalia kilo 23 ambazo zinatosha mfuko mdogo wa mchele. Nauli mbili zimeirudisha Noah ndani ya kikomo chake.

Hesabu hiyo lazima irudiwe siku ya kurudi mjini, na hapa ndipo wengi waliopakia vizuri wakati wa kwenda huharibu. Mzigo wa kurudi kwa kawaida ni mzito kuliko wa kwenda, kwa kuwa ni wa shamba: mahindi, maharage, mchele, viazi, mikungu ya ndizi, parachichi. Gunia moja la kilo 100 linakula karibu robo ya uwezo wote wa Noah, na gunia la viazi lililofungwa lumbesa huzidi hapo. Wakala wa Vipimo umekuwa ukiipiga vita lumbesa kwa miaka kwa sababu mnunuzi hajui kiasi halisi alichobeba, na kwa mwenye gari dogo ujinga huo una gharama nyingine barabarani. Kwa wanaotoka Nyanda za Juu Kusini kuna jambo zaidi. Mlima Kitonga, ambao wakati wa kwenda Iringa waliupanda, wakati wa kurudi wanaushuka, na wanaushuka wakiwa na viazi na mahindi. Gari linalopanda likizidiwa hupunguza mwendo na kupata joto la injini. Linaloshuka likizidiwa huongeza mwendo lenyewe na kuzimaliza breki. Kwenye mteremko wa namna hiyo gia ishushwe kabla ya kuanza kushuka: gari la gia za mkono liwe kwenye gia ileile ambayo lingepandia, la otomatiki liwekwe kwenye 2 au L, injini ilishike gari, na breki zibanwe kwa vipindi badala ya kukanyagwa muda wote.

Mamlaka nazo zina nafasi ya kusaidia kwa gharama ndogo. Mizani tayari zipo barabarani, zikiwa na umeme na watumishi. TANROADS ingeweza kuruhusu magari madogo kupimwa kwa hiari, bila faini, katika wiki za Desemba, na dereva akapewa karatasi yenye uzito wake halisi. Jeshi la Polisi, ambalo kila mwaka hukagua magari na kutoa stika za usalama, lingeweza kuweka kwenye ukaguzi huo swali moja kuhusu uwezo wa kupakia wa gari na namba ya tairi. Wauzaji wa magari ya mtumba wangeweza kumwambia mnunuzi kilo za gari kama wanavyomwambia ukubwa wa injini. Hakuna sheria mpya inayohitajika kwa lolote kati ya hayo. Lakini hata yasipofanyika, mwenye gari hana cha kusubiri, kwa sababu namba zote anazozihitaji ziko mikononi mwake.

Kabla ya safari, basi, toa cheti au kadi ya gari na uandike kikomo chako. Kila anayesafiri apande kwenye mizani ya nyumbani. Kila begi, ndoo na mfuko upimwe, hata kwa mizani ya duka la jirani. Jumlisha. Soma ubavu wa matairi yako, ukiangalia namba ya uwezo na zile tarakimu nne za tarehe, ambapo 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Jaza upepo asubuhi matairi yakiwa baridi, kwa kiwango cha mzigo kamili kilichoandikwa kwenye nguzo ya mlango, bila kusahau tairi la akiba. Weka vizito chini na mbele, funga kila kitu, na kila abiria awe na mkanda wake. Jumla ikiwa ndani ya kikomo, safiri kwa amani. Ikiwa imezidi, shusha mzigo au mtu mmoja apande basi, na ufanye hivyo ukiwa bado nyumbani. Hakuna njia ya tatu.